Kengele ya Mlango wa Nusu

Sogeza kiti karibu, wewe uliyeajiriwa juzi ukakabidhiwa begi langu la kazi, na wenzako nao wakae. Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Sijui kuandika kama waandishi wanavyoandika. Najua kueleza kama ninavyomweleza mtu aliyenishikia ngazi. Basi someni kama mmeshika ngazi. Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa mtayasikia kwa wengine, tena yakiwa yametiwa chumvi vizuri kuliko ningeweza mimi. Nitakaa zaidi kwenye mlango mmoja wa Mikindani, kwa sababu tangu nistaafu haipiti asubuhi bila kuufikiria.

Nilitoka Naliendele, kwa baba mkulima wa korosho na mihogo, nikiwa na cheti cha ufundi umeme na viatu vya kuazima. Nilidhani nitapanda nguzo. Kumbe ofisi niliyopokelewa ilikuwa chumba kimoja mjini Mtwara, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na ndani yake alikuwemo Fundi Issa, mtu wa Masasi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Aliniangalia kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Umeme unaujua?"

"Naujua, mzee."

"Basi usahau kidogo. Hapa tunafanya kazi ya milango."

Akanipa kidude cheupe kidogo kama pingili ya kidole, na sumaku ya ukubwa uleule. Akaniambia nikiweke kidude sikioni, kisha nisogeze sumaku polepole.

"Umesikia nini?"

"Tik."

"Imesema mlango umefungwa. Sasa ondoa sumaku."

Nikaondoa. Tik nyingine, hafifu zaidi.

"Na sasa imesema mlango umefunguliwa. Inajua maneno hayo mawili tu, binti yangu. Kuna watu wanajua maneno chungu nzima na hawajawahi kusema la kweli hata moja."

Hiyo ndiyo kontakti ya mlango. Wengine mnaiita sensa, na sina ugomvi. Kwa wale ambao bado hawajapasua moja, ndani mna kijibomba cha kioo, na ndani ya kioo mna vipande viwili vya chuma vyembamba kama unyasi, vimekaribiana bila kugusana. Kontakti unaifunga kwenye fremu, sumaku unaifunga kwenye mlango. Mlango ukifungwa, sumaku inakuja karibu, vile vyuma vinavutana vinashikana, umeme unapita. Mlango ukifunguliwa, sumaku inakwenda zake, vinaachana, umeme unakatika, na mtambo unajua. Tena mtu akikata waya ili afanye ujanja, umeme unakatika vilevile, kwa hiyo amejichongea mwenyewe. Ndiyo sababu mpaka naondoka kazini nilikuwa naipenda ya waya kuliko hizi za betri. Ya waya haina haja ya kusema "nimechoka, nibadilishe betri." Inakaa kimya ndani ya mbao miaka na miaka, na haidai chochote isipokuwa hewa ya chumvi isiifikie.

Chumvi ndiyo adui wetu mkubwa hapa, na wa pili ni mvua. Mafundi wanaotoka bara huja na vipimo vya kwenye karatasi: sumaku ikae umbali fulani na kontakti. Wakija masika wanakuta mlango wa mninga umevimba haufungi mpaka mwisho, na mtambo unalia mchana kutwa. Ukija ukame, mlango umesinyaa na unacheza kwenye bawaba. Fundi Issa hakufungua begi lake kabla ya kukaa chini na kuutazama mlango ukitumika. Mara ya kwanza nilipokwenda naye kwenye ghala la korosho, lenye milango ya chuma, tulikaa juu ya magunia matupu asubuhi nzima tukiangalia vibarua wakiingia na kutoka. Msimamizi akatuuliza kama tumekuja kufanya kazi au kunywa chai.

"Vyote viwili," Fundi Issa akajibu. "Chai iko wapi?"

Ililetwa. Na tulipomaliza kunywa alikuwa ameshaona kwamba vibarua wanausukuma ule mlango kwa mguu, upande wa chini, kwa hiyo juu unabaki wazi hata ukiwa umefungwa. Akafunga kontakti chini, akaiwekea kibao cha plastiki nyuma yake, maana chuma cha mlango huila nguvu ya sumaku. Ghala lile halikutusumbua tena.

Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu katika kazi ile, na kwa muda watu walinichukulia kama mbebaji wa ngazi. Baadaye ikageuka kuwa faida. Mume akiwa safarini, mwanamke wa nyumba alikuwa anamwambia Fundi Issa asimame barazani, mimi niingie. Nimefunga kontakti kwenye vyumba ambavyo mwanamume yeyote wa kazi asingefika. Shughuli za gesi zilipoanza kule Msimbati na nyumba za mjini zikajaa wapangaji wageni, kila mwenye nyumba alitaka mlango wake uwe na kontakti. Tulifanya kazi mpaka tukawa tunaota bisibisi. Fundi Issa akarudi Masasi kwao kupumzika, na haikuchukua muda tukapata habari kwamba amepumzika kabisa. Mpaka leo nikishika kontakti mpya huiweka sikioni kwanza. Mtu akiniona, naona haya.

Sasa twende Mikindani.

Alinipigia simu kijana mmoja anayeishi Dar es Salaam, anaitwa Imtiazi. Wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa Mikindani, moja ya familia za Kihindi ambazo zimekuwa pale tangu mababu. Duka walishaliuza. Baba yake, Mzee Habibu, alikuwa amepatwa na ule ugonjwa wa uzee wa kusahau. Kila asubuhi baada ya chai huvaa kofia, huchukua funguo za kufuli ambalo halipo tena, na kutoka kwenda kufungua duka. Akifika anakuta wanauza simu. Basi hafikiri kwamba duka limeuzwa. Hufikiri amekosea mtaa, na huendelea kulitafuta. Walishamkuta mara moja kwenye tope la mikoko, viatu vimebaki humo, akina mama wanaookota chaza ndio waliomrudisha. Mara nyingine aliokotwa njia kuu ya kwenda Mtwara, malori yanampigia honi.

"Nataka kontakti kwenye mlango mkubwa," Imtiazi akaniambia. "Mlango ukifunguliwa king'ora kilie, mama asikie. Akipotea tena nakuja kuwachukua wote wawili. Nina nyumba ghorofani, ina mlango wa nondo. Huko hatatoka."

Nilipofika, nikapiga hodi. Bi Nargis, mkewe, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye ncha ya mtandio. Mama mnene kidogo, mfupi, sauti ya kuamrisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mwanangu kaniambia fundi."

"Ndiye mimi."

"Afadhali. Nilishaanza kutafuta pa kumficha mzee asigombane na mwanamume wa watu. Ingia."

Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikaomba kiti nikakaa. Mlango ulikuwa mkubwa, wa mbao za zamani, umechongwa maua kwenye fremu, na ulikuwa wazi. Ulikuwa umezuiwa kwa jiwe, na mbele yake pazia tu linapepea. Nikangoja niuone ukifungwa. Sikuuona.

"Mama, mlango huu mnaufunga saa ngapi?"

"Magharibi."

"Na mchana?"

"Mchana!" Akanitazama kama niliyemuuliza kama wanalala juu ya paa. "Mwanangu, mlango huu tangu niolewe haujafungwa mchana ila mwaka tuliokwenda Hija. Nikiufunga watu watasema tumehama."

"Au mmegombana!" sauti ikadakia kutoka nje.

Huyo alikuwa Bi Saada, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, Mmakonde, muuza maandazi, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kusikiliza. Pazia likasogea akaingiza kichwa.

"Mkifunga mimi nitapitia wapi kuja kuomba chumvi?"

"Wewe chumvi yako inaisha kila siku," Bi Nargis akamjibu. "Unaipaka mwilini?"

Hapo ndipo nilipoona tatizo lenyewe. Kontakti inakuambia mlango umefunguliwa. Lakini huku kwetu pwani, na ninyi mnajua, mlango wa mbele huwa wazi tangu asubuhi. Kijana alikuwa ameshaishi ghorofani muda mrefu, amesahau mlango wa kwao unavyoishi. Mzee angepita kwenye pazia na kontakti yangu ingekaa kimya kama jiwe lile. Nikamweleza Bi Nargis. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, na ule ukali wote ukamtoka.

"Kwa hiyo ama nifunge nyumba mchana, ama nihamie Dar."

"Sijasema hivyo, mama."

"Mimi ndiye ninasema. Unajua, humu ndani bado anajua njia. Anajua choo kilipo. Anajua kiti chake. Usiku akiamka hunyoosha mkono akagusa ukuta, akarudi kulala. Nikimpeleka kwenye ukuta asioujua, atakuwa na nini?"

Nikamuuliza tu kama kuna kitu chochote kinachozuia mbuzi wa jirani kuingia ndani mlango ukiwa wazi. Akasema zamani, watoto walipokuwa wanatambaa, palikuwa na mlango wa nusu, wa kufika kiunoni, umewekwa nyuma ya huo mkubwa, upo stoo. Tukautoa. Ulikuwa na vumbi na kiota cha panya, lakini mbao zake zilikuwa nzima. Seremala akauranda, akauwekea bawaba zenye springi ili ujirudishe wenyewe. Sasa mlango mkubwa ungeweza kubaki wazi, upepo uingie, majirani waonane, na yeyote atakayepita lazima asukume ule mdogo.

Nilitumia kontakti ya kuzamisha, ile ya mviringo, ndogo, inayoingia ndani ya tundu la mbao usiione. Niliitoboa kwenye fremu ya ule mlango wa nusu, si kwenye ile iliyochongwa. Ninyi nanyi msije mkatoboa mbao ya kuchonga ya Mikindani. Aliyeichonga hayupo wa kuomba radhi. Sumaku nikaizamisha kwenye ubavu wa mlango mdogo, waya nikaupitisha nyuma ya kizingiti mpaka jikoni, na jikoni nikafunga king'ora kidogo, kama kijana alivyoagiza.

Tukasubiri. Mzee Habibu akanywa chai yake, akavaa kofia, akachukua funguo. Alikuwa mtu mrefu, msafi, kanzu imenyooka. Akanipita akanisalimu vizuri kabisa. Akausukuma mlango wa nusu, king'ora kikalia.

Alishtuka. Akashika fremu, akageuka na macho ya hofu.

"Nargis! Wezi! Wezi dukani!"

Na akatoka mbio. Mzee ambaye kila siku hutembea taratibu, siku ile alikimbia kwenda kuliokoa duka lake. Bi Saada aliacha maandazi yake kwenye mafuta na kumkimbilia, akamkamata karibu na kona. Alirudi naye wamekumbatiana, wote wawili wanahema.

"Fundi," Bi Nargis akaniambia, na alikuwa analia, "mimi nilitaka umzuie. Wewe umemwita."

Nilikizima king'ora. Bi Saada hakuwahi kukaa kimya akiwa macho.

"Mngemwekea ile kengele yake ya dukani," akasema huku akijipepea na sahani. "Asingekimbia. Angewauliza mnataka kitambaa gani."

"Saada, sasa si wakati wa mzaha."

"Nani kafanya mzaha? Mimi tangu utoto wangu nikiingia pale, kengele ikilia, huyu mzee anasema karibu kabla hajainua kichwa. Hata awe anakula. Hata awe anagombana na wewe."

Bi Nargis akanyanyuka akaenda chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Ilikuwa kengele ya shaba, ndogo, imevaa kutu ya kijani pembeni, na springi yake iliyokuwa inaning'inia juu ya mlango wa duka.

"Vitu vingine vyote tuliuza," akasema. "Hiki nilikificha."

Hapa nieleze kazi, maana naona mmeshaanza kujiuliza. Kengele ya shaba haipigwi na kontakti. Vile vyuma vya ndani ya kioo ni vyembamba, umeme mzito ukipita vinaungua na kushikana moja kwa moja. Kontakti huamuru tu. Anayefanya kazi ya nguvu ni rilei, swichi inayoendeshwa na umeme mdogo. Kwa hiyo niliunganisha kontakti na rilei, na rilei nikaiunganisha na koili ya waya niliyoitoa kwenye kengele mbovu ya getini, ile yenye kijichuma kinachoruka na kugonga. Umeme ukikatika kwenye kontakti, rilei inaachia, koili inakirusha kijichuma, kijichuma kinaigonga shaba. Nilihangaika siku kadhaa kupata pigo zuri, kwa sababu ukigonga kwa nguvu inalia kama ya shule, ukigonga kidogo haifiki jikoni. Bi Nargis ndiye aliyekuwa anaipima kwa masikio. "Hapana. Ilikuwa laini. Tena. Hapana. Hiyo! Hiyo usiiguse." Nikaifunga ndani, juu ya kiti cha mzee, nyuma ya mtu anayetoka. Nilikusudia iwe nyuma yake, ili imgeuze.

Wakati huo Imtiazi alikuwa ameshasikia habari za mzee kukimbia. Nani aliyemwambia sijui, ingawa Mikindani hapahitaji simu. Akaja na gari na mabegi matupu makubwa. Nilikuwepo, nikikaza skrubu za mwisho. Kijana mzuri, mwenye adabu, macho mekundu kwa safari.

"Fundi, nilikuagiza mlango mkubwa."

"Mlango mkubwa haufungwi mchana, kaka."

"Ndiyo ufungwe sasa!"

"Punguza sauti," mama yake akasema. "Baba yako anakunywa chai."

Imtiazi akashusha sauti lakini hakushusha neno lenyewe. "Mama, nikiwa kazini simu ikilia nafikiri ni yeye, yuko chini ya lori. Kila simu. Siwezi tena. Leo akivuka kizingiti hiki, kesho asubuhi tunaondoka wote. Ameshaniambia daktari, sijatunga mimi."

"Daktari kasema ahame?"

"Kasema asiachwe apotee."

"Basi hiyo ni habari nyingine."

Mzee Habibu alikuwa ameshamaliza chai. Akavaa kofia. Akapapasa mfukoni, funguo zikalia. Bi Saada alikuwa amesimama nje kichochoroni, mikono ina unga, na kwa mara ya kwanza nilimwona amefunga mdomo. Mzee akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya mlango wa nusu, akausukuma.

Kengele ikalia nyuma yake.

Mguu wake mmoja ulikuwa tayari nje. Aliurudisha. Aligeuka, na nawaambia, alipogeuka mabega yake yalikuwa mengine. Alisimama kama mtu aliye mahali pake. Macho yakamwangukia mtu aliyekuwa mbele yake, naye alikuwa Imtiazi.

"Karibu, bwana," akasema. "Pita ndani, jua kali. Unatafuta nini leo?"

Imtiazi akamtazama mama yake.

"Mjibu," Bi Nargis akanong'ona. "Mteja hakai kimya."

"Nataka... nataka kitambaa cha kanzu."

"Cha kuvaa wewe?"

"Cha baba yangu."

"Mrefu?"

"Kama wewe."

Mzee akamkaribia, akamshika bega, akampima mgongo kwa shubiri kuanzia bega hadi bega. Alipima polepole, akisogeza midomo. Imtiazi alisimama ameinamisha kichwa kama mtoto anayepimwa nguo za Idi.

"Kama ana mwili wako, usichukue kidogo," mzee akasema. "Watu wengi huwabania baba zao mabega. Kaa. Nargis! Kuna mgeni, lete chai."

Chai ililetwa, ya pili kwa mzee, naye hakukumbuka ya kwanza. Walikaa wawili wakizungumza habari za vitambaa mpaka adhuhuri. Imtiazi hakumwambia yeye ni nani. Kesho yake aliondoka peke yake, na mabegi yale yalirudi matupu.

Sitaki mdhani ile kengele ilikuwa dawa. Kuna asubuhi ilimgeuza, akaketi kungoja mteja aliyekwisha kuingia. Kuna asubuhi haikumgeuza, akaendelea na safari yake, lakini Bi Nargis jikoni alikuwa ameisikia na kuchukua mtandio, akamkuta hata kichochoro hajamaliza, akamwambia, "Ngoja twende wote," wakazunguka hadi msikitini na kurudi. Na majirani walioingia walikuwa wanaigonga kwa makusudi. Bi Saada alikuwa anakuja kuomba chumvi mara nyingi kuliko zamani, ili tu asikie akikaribishwa. "Nyumbani kwangu nani ananiambia karibu?" aliniambia siku moja. "Mume wangu akiniona huuliza chakula."

Nilikuwa napita kila baada ya masika kuirekebisha, kwa sababu mbao ilivimba na sumaku ikawa inachelewa. Sikuwatoza kitu kwa ziara hizo na sikuziandika popote. Nilipenda kukaa kwenye kile kizingiti na mita yangu, nikifungua na kufunga, kufungua na kufunga, na kutoka ndani sauti ileile, haichoki: karibu, karibu, karibu bwana. Nimefunga milango mingi, ya benki na ya maghala na ya ofisi zenye zulia. Hakuna mlango mwingine ulionijibu.

Alifariki kitandani kwake, ndani ya ukuta alioujua. Nilikwenda mazikoni, na nilipofika nje ya nyumba nilishtuka kwamba sikuisikia kengele, ingawa watu walikuwa wanaingia na kutoka kwa wingi. Nikainama kuangalia. Mtu alikuwa ameitoa sumaku kwenye mlango wa nusu na kuifunga kwa uzi mweusi pale pale juu ya kontakti, kwa hiyo hata mlango ungefunguliwa namna gani, kontakti iliamini umefungwa.

"Ni mimi," Bi Saada akasema pembeni yangu. "Nilikuona ukifanya hivyo ulipokuwa unaijaribu. Nimekosea?"

"Hujakosea, dada. Hata mimi nisingefanya vizuri zaidi."

"Isingefaa ilie leo," akasema. "Nani angejibu?"

Bi Nargis alikaa eda yake. Ilipokwisha, aliniita. Nilikuwa nimebakiza siku chache kazini na ndiyo ikawa kazi yangu ya mwisho, ingawa hilo sikumwambia. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mzee, amepungua mwili, mtandio mweupe.

"Itoe, mwanangu," akasema. "Saada kafungua uzi wake, karudisha sumaku, ikarudi kulia. Kila mtu akiingia inalia, halafu pananyamaza. Naweza kuvumilia kengele. Hicho kimya kinachofuata ndicho kinanishinda."

"Na kengele yenyewe?"

"Mpe Imtiazi. Yeye aliwahi kuwa mteja." Akatabasamu kidogo. "Ila usiache alama, fundi. Mimi nikipita hapo hushika fremu. Sitaki kidole changu kikute pa kuingia."

Nilifanya kazi ile polepole kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Yeye alikuwa ananisimulia namna alivyomwona mzee mara ya kwanza, akiwa msichana, ametumwa dukani kununua uzi. Nilipomaliza alikuja mwenyewe, akapitisha kiganja kwenye fremu, juu mpaka chini, akarudia, halafu akaufungua mlango wa nusu akasimama nje kidogo. Hakikulia kitu. Akarudi ndani kuweka maji ya chai.

Basi nanyi mkiitwa kutoa kontakti ya kuzamisha, msiivute na kuondoka. Zima umeme kwanza, kisha itoe pamoja na waya wake. Chukua unga wa mbao ya aina ileile, uchanganye na gundi ya mbao mpaka uwe mzito kama ugali, ujaze tundu hadi ufure kidogo juu, na uache ukauke kabisa. Kisha piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, na upitishe kiganja chako macho ukiwa umefumba. Ukisikia ukingo bado upo, rudia.